Nani Mkubwa? Habari za Vyeo kati ya Wanyama wa Mwambao Wetu

Mtu akifuga kuku kumi katika ua mmoja, hapa Ujiji au Gungu au Mwandiga, akapata nafasi ya kukaa kitako na kuwatazama wakati wa kumwagiwa mtama, ataona jambo ambalo wengi wetu hulipita tu. Kuku hawali ovyo ovyo. Yuko mmoja ambaye humdonoa yeyote amtakaye, wala hakuna amdonoaye yeye. Yuko wa pili ambaye huwadonoa wote ila yule wa kwanza. Na hivyo hivyo hata tufike kwa maskini wa mwisho, ambaye hudonolewa na wote wala hana wa kumdonoa. Aliyelichunguza jambo hili kwa kalamu na karatasi alikuwa kijana mmoja wa nchi ya Norwe, jina lake Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwatazama kuku tangu utoto wake, na katika miaka ya 1920 akayachapisha aliyoyaona. Tangu hapo wataalamu wameukuta utaratibu wa namna hii kwa wanyama wengi: nyani, fisi, samaki, hata nyigu.

Wengi hudhani kwamba vyeo vya wanyama ni ugomvi usiokwisha. Sivyo. Ukichanganya kuku wasiojuana, siku za kwanza patakuwa na vita na manyoya yatatapakaa uani. Lakini baada ya kitambo vita hupungua, na mkubwa akiinua kichwa tu, mdogo huondoka penye chakula. Cheo, basi, ni ugomvi uliokwisha kuamuliwa. Kila mmoja amekwisha kujua nani atashinda, na kwa hiyo hapana haja ya kumwaga damu kila siku kwa ajili ya punje moja ya mtama. Mdogo naye hupata faida, maana heshima yake humwokoa na jeraha.

Sisi tunaokaa katika mwambao wa Tanganyika hatuna haja ya kwenda mbali ili kujifunza habari hizi. Mengi ambayo dunia nzima imeyajua juu ya vyeo vya wanyama yametoka katika ziwa hili na katika milima iliyo kando yake.

Nianze na ziwa. Yuko samaki mmoja mdogo wa jamii ya perege, akaaye katika maji ya kina kifupi na midomoni mwa mito, ambaye wataalamu wamempa jina la Richard Burton, yule Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi wa Februari, 1858. Wavuvi wetu hawana habari naye, kwani hatoshi hata kitoweo. Lakini katika maabara za Marekani na Ulaya ana sifa kubwa. Dume mwenye cheo huwa na rangi kali, ya manjano au ya buluu, na mstari mweusi unaopita penye jicho; ana kiwanja chake chini ya maji, na hukilinda. Madume wasio na cheo hufifia rangi, wakafanana na majike, nao huogelea pamoja bila ya kiwanja. Sasa, mkubwa akiondolewa, mmoja wa wale wanyonge huanza kubadilika rangi katika muda wa dakika chache tu, mstari wa jichoni ukatokea, akakishika kile kiwanja. Tena si rangi peke yake. Mwili wake wa ndani pia hugeuka, akawa tayari kuzaa. Na akija mwingine mwenye nguvu kuliko yeye, hurudi kuwa kama alivyokuwa.

Katika mwaka wa 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha jambo la ajabu zaidi juu ya samaki huyo huyo. Walimweka mmoja mahali pa kutazama tu, wakampitishia mapigano ya wenziwe: wa kwanza akampiga wa pili, wa pili akampiga wa tatu, wa tatu akampiga wa nne, wa nne akampiga wa tano. Kisha wakampa mtazamaji nafasi ya kusogea karibu na wa pili au wa nne, ambao hakupata kuwaona wakipigana hata mara moja. Alisogea kwa yule wa nne, mnyonge. Maana yake ni nini? Ni kwamba alitumia hesabu tunayoifundisha darasani: ikiwa huyu ni mkubwa kuliko yule, na yule ni mkubwa kuliko wa tatu, basi huyu ni mkubwa kuliko wa tatu pia. Samaki asiyezidi urefu wa kidole!

Na upande wa kusini wa ziwa, katika nchi ya Zambia karibu na Mpulungu, wamechunguzwa samaki wengine wadogo wakaao penye mawe, ambao huishi jamaa kwa jamaa. Mume na mke wakubwa ndio huzaa, nao huzungukwa na wasaidizi waliopangwa kwa kimo, kila mmoja mdogo kidogo kuliko aliye juu yake. Wasaidizi hupepea mayai, huchimba mchanga, na hufukuza adui. Msaidizi mvivu huweza kupigwa na kufukuzwa, na kufukuzwa mbali na mawe ni karibu sawa na kufa, kwa kuwa samaki walao wenzao wanangoja hapo nje. Kwa hiyo hufanya kazi kama mpangaji alipaye kodi ya nyumba.

Sasa twende nchi kavu. Kilometa zipatazo 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, kwa mashua, ndipo lilipo eneo la Gombe. Tarehe 14 Julai, 1960, alishuka hapo Bibi Jane Goodall, msichana wa Kiingereza wa miaka 26, pamoja na mama yake. Bibi huyo alifariki dunia mwezi wa Oktoba, 2025, lakini kazi aliyoianza haijasimama. Wala hakuifanya peke yake. Watu wa vijiji vya huku, kama vile marehemu Hilali Matama aliyeanza kazi hapo mwaka wa 1968, waliwafuata sokwe katika mabonde yale kwa miaka mingi, tangu wanapoamka katika viota vyao hata wanapolala, wakiandika kila kitu. Ni haki kusema kwamba elimu hii imeandikwa kwa mikono ya watu wa Kigoma kama ilivyoandikwa kwa mikono ya wageni.

Madume wa sokwe huwa na mkubwa mmoja. Msomaji asidhani kwamba huyo ni kama mwami wa Buha wa zamani. Hatoi amri, hakusanyi kodi, wala hakati mashauri barazani, ingawa pengine huamua ugomvi. Ukubwa wake huonekana katika heshima anayopewa. Sokwe mdogo akikutana na mkubwa hutoa mguno wa haraka haraka, wa kuhema, na aghalabu huinama au hunyosha mkono. Mguno huo huenda upande mmoja tu: mdogo humpa mkubwa, mkubwa hampi mdogo. Nadhani hapana watu duniani watakaoelewa jambo hili upesi kama sisi tunaosema shikamoo. Mtu akiorodhesha nani amemgunia nani kwa muda wa miezi kadhaa, atapata ngazi yote ya vyeo bila ya kuona pigano hata moja.

Zamani Bibi Goodall alipoanza kuwajua, mkubwa alikuwa Goliath, dume hodari na shujaa. Miongoni mwa wa chini kabisa alikuwako mmoja aitwaye Mike. Huyu alikuwa mnyonge, alitishwa na karibu kila dume, na ndizi zilipotolewa kambini yeye alizipata mwisho. Basi pale kambini palikuwa na madebe matupu ya mafuta ya taa. Siku moja Mike alikwenda akayachukua, akawakimbilia wakubwa huku akiyasukuma na kuyapiga mbele yake, hata madebe matatu kwa mara moja. Kila aliyewahi kusikia debe tupu likibingirika juu ya mawe aweza kufikiri kishindo chake. Wakubwa wote walitimka. Mike akakaa kitako, nywele zimemsimama, anahema. Baada ya kitambo wale wakubwa walirudi mmoja mmoja, wakamgunia, wakaanza kumchambua manyoya. Alirudia mchezo huo mara nyingi, hata watu wakalazimika kuyaficha madebe. Lakini kazi ilikuwa imekwisha. Katika mwaka wa 1964 Goliath mwenyewe alikubali, na Mike akawa mkubwa kwa miaka ipatayo sita, bila ya kuwa na mwili wa kutisha.

Huwasikia vijana wakubwa, hasa katika mabweni, wakisema kwamba kumtumikisha mdogo ni sheria ya asili, kwani hata porini mwenye nguvu ndiye mtawala. Wenye kusema hivyo hawajawasoma wanyama. Nguvu ina kazi yake, sikatai. Humphrey, aliyemwondoa Mike mwaka wa 1971, alikuwa na mwili mkubwa na hasira nyingi. Lakini hakudumu hata miaka mitatu, na aliyemshinda hakumshinda kwa mwili.

Huyo alikuwa Figan, mwana wa jike mashuhuri aitwaye Flo. Figan alikuwa na ndugu yake mkubwa, Faben, ambaye alipooza mkono mmoja katika mwaka wa 1966 wakati maradhi ya polio yalipowaingia sokwe wa Gombe. Dume mwenye mkono mmoja hana tamaa ya ukubwa kwa nafsi yake. Faben alijiunga na mdogo wake, wakawa wanatokea wote wawili kwa mara moja, na hapana dume aliyeweza kuwakabili. Katika mwaka wa 1973 Figan alipata ukubwa. Faben alipotoweka mwaka wa 1975, cheo cha Figan kilitikisika sana, akakaa katika wasiwasi kwa muda kabla ya kukirudisha. Hapo ndipo ilipodhihirika nusu ya ukubwa ule ilikuwa ya nani.

Baadaye wataalamu walilinganisha wakubwa watatu waliofuatana katika miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000: Wilkie, Freud, na Frodo. Wilkie alikuwa na uzito wa kilo 37 tu, Freud kama kilo 45, na Frodo kilo 51, mmoja wa madume wazito kuliko wote waliopata kupimwa hapo. Wilkie alitumia wakati mwingi kuwachambua wenzake manyoya, kazi ambayo kwa sokwe ni kama kumtembelea mtu na kumjulia hali. Frodo hakujisumbua, alitisha, akangoja kuchambuliwa yeye. Wote watatu walitawala, kila mmoja kwa njia ya mwili aliopewa.

Freud na Frodo walikuwa ndugu, mama yao ni Fifi, binti wa yule yule Flo. Mwana mwingine wa Fifi, Ferdinand, naye alikuja kuwa mkubwa katika mwaka wa 2008. Majike hawapigani sana kwa ajili ya cheo, na kwa miaka mingi watu walidhani ya kuwa hawana vyeo vya kutajika. Lakini hesabu za miaka zaidi ya thelathini zilizotolewa mwaka wa 1997 zilionyesha kwamba watoto wa majike wenye cheo huishi zaidi, na binti zao huwahi kukomaa. Sababu iliyodhaniwa ni chakula: mwenye cheo hukaa mahali penye miti mizuri. Kwa jike, basi, cheo si fahari ya kupiga kelele na kutikisa matawi, bali ni mtoto kuishi au kufa. Fifi alizaa watoto tisa kabla ya kutoweka mwaka wa 2004.

Ukishuka ziwani kusini ya Kigoma utafika Mahale, ambako Wajapani wakiongozwa na Profesa Nishida Toshisada walianza kazi mwaka wa 1965. Huko kulikuwa na dume mzee aitwaye Kamemanfu. Yeye hakuweza kuwa mkubwa; alikuwa wa tatu, nyuma ya Kasonta na Sobongo waliokuwa wakigombania ukubwa. Katika mwaka wa 1976 Kamemanfu alikuwa akimsaidia huyu leo, na kesho akimsaidia yule. Kwa kuwa aliyeungwa mkono naye ndiye aliyeshinda, wote wawili walilazimika kumbembeleza, na mzee akafaidi mambo ambayo dume wa cheo chake hakustahili kuyapata. Wazazi watakaosoma ukurasa huu watakuwa wamewahi kumwona mtu wa namna hiyo wakati wa uchaguzi.

Huko huko Mahale alitawala Ntologi, tangu 1979 hata 1991, na tena tangu 1992 hata 1995. Nyama ilipopatikana, kwa kawaida mbega, yeye aliishika na kuigawa, lakini hakumpa kila mtu. Aliwapa majike na wazee, na madume waliokuwa upande wake. Dume kijana aliyeweza kumpinga hakupata. Alipoangushwa mara ya pili hakuvumiliwa. Mwezi wa Novemba, 1995, alikutwa amejaa majeraha aliyotiwa na wenzake, akafa. Si wote hufikwa na hayo. Goblin wa Gombe aliangushwa mwaka wa 1989, akajeruhiwa vibaya hata watu wakampa dawa, lakini aliishi katikati ya wenzake miaka mingine kumi na mitano. Mike alizeeka bila ya kuuawa na mtu.

Jambo zito kuliko yote lilitokea pale ambapo ugomvi wa vyeo haukupata kuamuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sokwe wa Gombe waliokuwa kundi moja walianza kujitenga. Wengine walibaki katika bonde la Kasakela, na wengine, wakiongozwa na ndugu wawili, Hugh na Charlie, walihamia bonde la Kahama upande wa kusini. Wataalamu walioyachambua tena maandishi ya zamani, katika mwaka wa 2018, walieleza kwamba mfarakano ule ulitokana na kugombania ukubwa kati ya Humphrey upande mmoja na wale ndugu wawili upande wa pili, wakati ambapo majike walikuwa wachache. Tarehe 7 Januari, 1974, Hilali Matama aliwaona madume wa Kasakela wakimkamata Godi wa Kahama alipokuwa akila peke yake, wakamshika chini na kumpiga, hakuonekana tena. Hata kufikia mwisho wa mwaka wa 1977 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au wametoweka. Mmoja wao alikuwa mzee Goliath, yule mkubwa wa zamani, na waliomwua ni sokwe waliowahi kula naye na kumgunia kwa heshima. Kwa kadiri nionavyo, hapa ndipo tunapoona thamani ya ule mguno. Kundi lililo moja hupigana, kisha mmoja hujishusha, wakachambuana manyoya, mambo yakaisha. Walipokwisha kutengana hapakuwa tena na njia ya kujishusha ikakubaliwa.

Lipo swali moja ambalo mwanafunzi ataliuliza: je, mkubwa hufaidi kweli? Hufaidi. Hupata chakula kizuri, na wataalamu waliochunguza damu za ukoo kwa kutumia kinyesi wameona kwamba huwa baba wa watoto wengi kuliko dume mwingine yeyote mmoja, ingawa walio wengi huzaliwa na madume wengine. Lakini gharama iko. Katika nyika za Amboseli, nchini Kenya, ambako nyani wamechunguzwa kwa zaidi ya miaka hamsini, kinyesi cha madume 125 kilipimwa ili kuona homoni zinazotokana na dhiki ya mwili. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2011. Wa chini walikuwa na dhiki nyingi, kama ilivyotazamiwa. Lakini aliyekuwa juu kabisa alikuwa na dhiki karibu sawa na yao, kwa kuwa hulala na kuamka akilinda cheo na majike. Aliyekaa raha kuwashinda wote wawili ni wa pili.

Gombe pia wako nyani, tena wengi, na hao ndio rahisi kuwaona, maana hushuka hata mchangani kandoni mwa maji. Kwao majike ndio wenye vyeo vya kudumu. Binti hurithi cheo karibu na cha mama yake, naye hukaa katika kundi alilozaliwa maisha yake yote, ilhali madume huhama. Tena kwa kawaida binti mdogo huja akampita dada yake mkubwa, kwa sababu mama humtetea mchanga. Katika nyumba zetu jambo hilo lingeleta kesi.

Wanafunzi watakaobahatika kwenda Gombe wakati wa likizo wafanye hivi. Wakae mbali kama watakavyoagizwa na askari wa hifadhi, kwa sababu mafua yetu huweza kuwaua sokwe. Wala wasile mbele yao. Dume akija mbio huku nywele zimesimama, akiburuta tawi, wasimtazame yeye, kwani hilo kila mtu atalitazama. Wawatazame waliokaa kando. Wahesabu ni nani aliyepanda mtini, ni nani aliyebaki mahali pake akiendelea kula, na kelele zitakapokwisha wasikilize mguno wa kuhema unatoka kinywani mwa nani, nao unakwenda kwa nani. Waandike majina, ambayo kiongozi atawatajia, pamoja na saa.